Leza haifui jinzi

Video za matangazo ya leza zinavutia kweli. Suruali ya bluu inalazwa, mwali unapita, na baada ya sekunde chache mapaja yamepauka utadhani imevaliwa miaka mitano. Halafu linakuja neno lao: "bila maji, bila kemikali". Hapo ndipo tunapoachana.

Kwenye jinzi, nyuzi za mtande ndizo hutiwa indigo. Za mshindio hubaki nyeupe. Na indigo yenyewe haifiki katikati ya uzi, inakaa juu juu kama ganda. Kupausha ni kulitoa ganda hilo. Kwa njia ya kemikali, mfanyakazi anapuliza pamanganeti ya potasiamu, inayooksidisha indigo mpaka ipoteze rangi. Inaacha kahawia ya manganizi, kwa hiyo inabidi kitambaa kitiwe dawa nyingine, kisha kisuuzwe. Leza ya kaboni dioksidi hutoa mwanga usioonekana wa mikromita 10.6. Pamba inaunyonya, inapata joto ghafla, na ganda linaondoka kama moshi.

Kwa mapafu ya mfanyakazi sina ubishi: leza imeshinda, ilimradi moshi huo unafyonzwa. Tusisahau Uturuki, ambako vijana waliopausha jinzi kwa kupuliza mchanga waliugua silikosisi, hadi kazi hiyo ikapigwa marufuku mwaka 2009.

Ila ulinganisho wa matangazo umekatwa mahali panapowafaa wauzaji. Leza inachukua nafasi ya msasa na pamanganeti, basi. Suruali bado inakwenda kufuliwa: kuondoa wanga uliopakwa nyuzi kabla ya kufuma, kutoa masizi na umanjano wa pamba iliyoungua, kushusha rangi ya suruali nzima kwa vimeng'enya au dawa za jamii ya jiki, kisha kulainisha. Na kuna viwanda vinavyopitisha leza halafu vinapuliza pamanganeti ileile kidogo, maana weupe wa leza peke yake huonekana bapa, hauna kina. Ukiongeza nguvu ya mwali ili upate weupe zaidi, uzi wenyewe unaungua na goti linachanika mapema. Jinzi za kuvutika ndizo huumia zaidi, kwa sababu elastani haipendi joto.

Kipimo cha haki ni lita za maji na gramu za kemikali kwa suruali iliyokamilika, tayari kuvaliwa. Zile video zinakatika kabla suruali haijafika kwenye mashine ya kufulia. Ningependa kuona kinachofuata, pamoja na mita ya maji.