"Ajouter une procédure": uhakiki wa kisanduku

Anayetumia Excel ya Kifaransa katika ofisi za Lubumbashi, akifungua kihariri cha Visual Basic na kuchagua Insertion kisha Procédure, huletewa kisanduku kidogo chenye kichwa Ajouter une procédure. Wengi hukipita mbio. Kwangu ni matini iliyotungwa kwa uangalifu, na ufundi wake unaanzia kwenye mpangilio wa maswali: jina hutangulia, aina hufuata (Sub, Function au Property), kisha upeo, yaani Public au Private. Mtunzi hulazimika kuupa utaratibu jina kabla ya kuueleza, na kubainisha umbo lake kabla ya kuamua ni nani ataruhusiwa kuuita. Vigezo haviulizwi kabisa. Mabano ya Sub na Function huja matupu. Kilichozidi, naona, ni kile kiteuzi cha chini kinachogeuza vigeu vyote vya ndani kuwa Static: uamuzi mzito mno kuwekwa mahali pa kubofya bila kufikiri.

Jibu la kisanduku ni fupi. Andika BeiKwaFaranga, chagua Function, nawe utapata Public Function BeiKwaFaranga(), mstari mtupu, kisha End Function. Mwisho umeandikwa kabla ya kiini, kwa hiyo kiunzi hakiwezi kubaki wazi, na ule mstari mtupu ndio unaobeba mwaliko wote wa matini. Hata hivyo aina ya thamani itakayorejeshwa haikutajwa, na VBA hufasiri kimya hicho kuwa Variant, chombo kinachopokea namba, tarehe au maneno bila ubaguzi. Kwa mhasibu anayepanga bei kwa dola na kupokea faranga, ukarimu huo ni wa mashaka.

Umbo lililo tajiri zaidi ni Property, maana hapo swali moja huzaa taratibu mbili. Jina Kiwango hutoa Property Get Kiwango() As Variant, ya kusoma, na chini yake Property Let Kiwango(ByVal vNewValue As Variant), ya kuandika. Usambamba wake unapendeza: jina lile lile, upeo ule ule, aina ile ile, isipokuwa pale ambapo nusu ya pili inapokea kile ambacho nusu ya kwanza inatoa. Safari hii Variant imeandikwa waziwazi, si kuachwa idhaniwe, na vNewValue ndilo jina pekee ambalo kisanduku kimelitunga chenyewe. Linafaa kwa kuwa halina ladha, linangoja kubadilishwa.

Tatizo ni kwamba usambamba huo haulindwi na yeyote. Ukigeuza As Variant ya Get kuwa As Double na kuisahau ile ya Let, programu hukataliwa kabla ya kuanza, kwa hoja kwamba fasili mbili za sifa moja hazipatani. Kisanduku kilichoziandika zote mbili hakizikumbuki, wala hakuna njia ya kukirudishia maandishi yake ili kiyarekebishe. Ni mtindo wa kuzalisha, si wa kutunza.

Delphi ya Borland, mazingira mengine ya kuandika programu, ilichagua mpangilio wa kinyume. Mtunzi huandika mwenyewe ndani ya klasi property Kiwango: Double; kisha hubonyeza Ctrl+Shift+C, na kihariri humalizia kwa read FKiwango write SetKiwango, huongeza kigeu cha faragha, na kuandika mwili wa SetKiwango wenye FKiwango := Value. Hakuna swali lililoulizwa. Tangazo lenyewe limesomwa kama swali, na aina Double imefika kila inapohitajika. Amri hiyo inaweza kuitwa tena kesho kwa tangazo jipya, jambo linaloifanya ikaribie utunzaji. Lakini inakaribia tu: hujaza kilichokosekana, hairekebishi kilichobadilika. Geuza Double kuwa Currency baada ya kazi kukamilika, na FKiwango itabaki na aina yake ya zamani hadi mkono wa mtu uifikie.