Maji Yakitulia

Fundi amefika Mshomoroni, Kisauni, kabla jua halijachomoza. Mkahawa bado umefungwa. Anataka kulipima bomba la gesi la mita 9 na nusu lingali na ubaridi wa usiku. Bomba lina lita 3 za hewa, na joto likipanda nyuzi 1 tu, presha hupanda kwa zaidi ya sentimita 3 za maji.

Manometa ya kupimia presha kaitengeneza mwenyewe: mpira mwangavu, wa aina wanayopimia waashi usawa wa ukuta, ameukunja mfano wa herufi U na kuufunga kwenye ubao wenye rula. Anamimina maji mekundu polepole, kisha anaugongagonga mpira kwa ukucha hadi kiputo cha mwisho kipande na kupasuka.

Upande mmoja anauunganisha na bomba, wa pili anauacha wazi. Anasukuma hewa kwa sindano ya mililita 50, mara mbili kasoro kidogo. Maji yanashuka sentimita 15 huku, yanapanda 15 kule: tofauti 30, karibu sawa na presha ya gesi inayofika jikoni. Anafunga koki. Anachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, anasoma chini ya mbonyeo wa uso wake, anatia alama ya penseli. Kipimajoto kinasema 26. Anakaa.

Baada ya dakika 15, tofauti ni 28. Kipimajoto hakijasogea, basi si baridi, ni hewa iliyotoka. Anapiga hesabu kwenye ubao kwa kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662: joto lisipobadilika, presha mara ujazo haibadiliki. Hapa usawa wa bahari, hewa ya nje hubana kwa sentimita 1,033 za maji. Lita 3 mara 2, gawanya kwa 1,033: mililita 6 hivi. Kijiko cha chai na ushei.

Kijiko hicho anakitafuta kiungo kwa kiungo, kwa brashi na povu la sabuni. Kwenye kona ya tatu kiputo kinavimba, kidogo kama punje ya mtama. Anafungua, anasafisha nyuzi za bomba, anazungusha utepe mpya wa kuzibia, anakaza. Anaanza upya, tangu sindano ya kwanza.

Robo saa inapita, maji yako palepale kwenye penseli. Anaongeza robo saa nyingine, ingawa hakuna aliyemdai. Ndipo jua linapochungulia juu ya paa na kuligusa bomba, na maji yanaanza kupanda taratibu. Fundi anayatazama kidogo, anafungua koki, anakunja mpira wake.