Papa Wemba Akivaa Nguo za Boi

Kuna swali linaloniwasha kila nikiangalia filamu ambamo mwanamuziki wa kweli anaigiza mwanamuziki wa kubuni. Nani hapa anamkopesha mwenzake? Filamu inapata sauti, inapata vidole vinavyolijua gitaa, inapata jina la kuweka kwenye bango. Mwanamuziki anapata nini? Na yule mhusika wa kwenye karatasi anabaki na nini akishavalishwa uso ambao mji mzima unaujua?

Tuanze na filamu ambayo wapenzi wa Lingala wengi wameisikia hata kama hawajaiona: La Vie est Belle ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Mwezé Ngangura pamoja na Benoît Lamy. Papa Wemba anaigiza Kourou, mwanamuziki fukara anayeacha kijiji na kwenda Kinshasa kutafuta magitaa ya umeme na nafasi ya kusikika. Anafika, hana kitu, anaishia kufanya kazi za ndani kwa bwana mwenye klabu ya usiku, Nvouandou. Kisha anampenda binti mmoja, Kabibi, na kumbe bosi naye anamtaka. Mganga amemwambia bosi kwamba ili apone udhaifu wake wa kiume lazima aoe bikira, tena akae siku thelathini bila kumgusa. Kichekesho chote kimejengwa juu ya hizo siku thelathini.

Sasa hebu mfikirie mtazamaji wa Matonge aliyekaa ukumbini mwaka ule. Mtu anayeombwa aamini kwamba hajulikani ni yule yule aliyekuwamo Zaïko Langa Langa tangu mwanzo wake mwaka 1969, akaanzisha Viva la Musica mwaka 1977, na kuligeuza eneo la nyumbani kwake pale Matonge kuwa kijiji chenye jina, Molokai. Wasiwasi wa kama Kourou atafanikiwa haupo kabisa. Mtazamaji anajua atafanikiwa kwa sababu amefanikiwa tayari; nyimbo zake zinapigwa baa ya pili kutoka hapo ukumbini.

Kwa hadithi ya kawaida hilo lingekuwa kosa. Hapa ndipo penye utamu. Papa Wemba alikuwa mfalme wa Sape, mtu aliyewafundisha vijana wa Kinshasa kwamba suruali ina mshono wake na kiatu kina heshima yake. Filamu inamvua vyote hivyo na kumvalisha nguo za boi. Kila anapopinda mgongo kumtumikia tajiri, ukumbi unaona watu wawili kwa pamoja: mtumishi, na sapeur aliyejificha ndani ya shati la mtumishi. Mwigizaji wa kawaida, hata awe hodari vipi, asingeweza kutupa hicho kicheko. Na Wemba haigizi sana, kwa kweli. Anatembea, anatabasamu, anasubiri. Akianza kuimba tu, kile alichokuwa akikisubiri kinaeleweka. Sauti ile nyembamba ya juu ina kitu cha msibani ndani yake, na si ajabu, maana mama yake mzazi alikuwa mwimbaji wa maombolezo. Hata kwenye filamu ya kucheka, ikipanda unasikia mtu anaagwa.

Lakini nina ugomvi na filamu hii, nao ni ugomvi wa pesa. Kourou anacheleweshwa na mapenzi, na mganga, na bosi mwenye wivu. Hatumwoni akipewa karatasi ya mkataba asiyoielewa. Muziki wenyewe, kama biashara, unamfungulia mlango kana kwamba kipaji kikipiga hodi hakuna anayeuliza bei. Jina la filamu linasema maisha ni mazuri, na linasema kweli kwa huyu mmoja tuliyemjua tangu mwanzo. Kwa yule Kourou mwingine, asiyekuwa Papa Wemba, filamu haina neno.

Neno hilo lilishasemwa miaka 15 kabla, tena Jamaika. The Harder They Come ya Perry Henzell, 1972. Mpango ni ule ule: kijana kutoka shamba, basi, mji mkubwa, ndoto ya kurekodi. Ivan anafika Kingston na vitu vyake vinaibwa kabla hajapumua. Anayemwigiza ni Jimmy Cliff, naye alikuwa mtoto wa mashambani aliyeingia Kingston na kuanza kurekodi akiwa bado kijana mdogo. Filamu inatoka, dunia ilikuwa imeshamsikia. Wonderful World, Beautiful People ilikuwa imepanda chati za Uingereza tangu 1969.

Kuna tukio la studio ambalo ningeweza kuliangalia mara kumi. Ivan amesimama akiwatazama Toots and the Maytals wakirekodi. Toots anaitwa Toots. Jimmy Cliff hana hata ruhusa ya kuwa Jimmy Cliff. Ni kijana wa kutumwatumwa, macho yamemtoka. Mastaa wawili wa muziki mmoja, mmoja amebaki na jina lake na mwingine amevuliwa. Umbali kati yao ndio hadithi nzima, na Henzell hakuhitaji mtu wa kuueleza.

Halafu zinakuja dola 20. Ivan anarekodi wimbo wake, na Hilton, bwana mwenye studio, anamwekea bei hiyo, basi. Ivan anakataa, anajaribu kuupeleka mwenyewe redioni, anakuta milango yote Hilton keshaishika. Anarudi na kupokea zile 20. Wimbo unakuja kuvuma baadaye, yeye akiwa mtoro mwenye bastola, na jina lake limepanda kwa damu. Hapo ndipo uso wa Jimmy Cliff unapofanya kazi ambayo uso wa Wemba haukupewa. Tunajua huyu mtu alipona, na kwa hiyo tunaanza kuhesabu wasiopona. Umaarufu wake haumwokoi mhusika. Unakuwa kipimo cha alichodhulumiwa.

Msomaji wa Dar haihitaji tafsiri ya dola 20. Enzi ya kaseti na CD za Kariakoo, msanii kuuza masta kwa bei ya mara moja na kuusikia wimbo wake kila daladala bila kuona shilingi ya pili ilikuwa hadithi ya kila siku.

Filamu ya tatu inaligeuza swali lenyewe. Félicité ya Alain Gomis, iliyopata tuzo kubwa ya majaji kule Berlin mwaka 2017, inamfuata mwimbaji wa baa wa Kinshasa ambaye mwanawe amepata ajali na anahitaji hela za upasuaji. Anauzunguka mji akidai, akiomba, akidhalilishwa. Bendi yake ni Kasai Allstars, wanamuziki wa kweli. Lakini Félicité mwenyewe ni mwigizaji, Véro Tshanda Beya, na sauti anayoimba nayo ni ya Muambuyi, mwimbaji wa Kasai Allstars aliyemchochea Gomis kumbuni mhusika huyo. Mwili wa mmoja, koo la mwingine.

Inafanya kazi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, tena vizuri mno. Tshanda Beya hana umaarufu wa kutuliza hofu yetu, kwa hiyo tunaogopa kweli kuhusu ule mguu wa mtoto, na tuna sababu ya kuogopa. Ila kila wimbo ukianza najikuta namtafuta Muambuyi. Filamu inayohusu mwanamke asiyelipwa stahili yake inaupa umma uso wa kukumbuka, na mwenye sauti anabaki jina ambalo wengi hawalijui. Papa Wemba alivuliwa nguo tu. Muambuyi alivuliwa uso.

Hapa kwetu, Girlfriend ya George Tyson ilimleta TID kwenye kioo mwaka 2003, na tangu hapo kumwita mwimbaji kwenye filamu imekuwa njia ya kuuza filamu. Sina kinyongo na hilo. Watu lazima wale. Ila huwa naona mwanamuziki akiitwa ili aje na mng'aro wake, avae vizuri, apendwe. Siku tutakayomchukua staa wa kweli, mwenye nyumba na magari, tukamkalisha mbele ya meza aigize yule mwenzake aliyeuza masta na kurudi kwao kwa miguu, tutakuwa na filamu ya muziki ya kwetu. Na atakayeweza kuiigiza vizuri nadhani tayari tunamsikiliza, kwa sababu huenda meza hiyo anaikumbuka.