Darasa la Kando ya Kitanda

Maadili ya udaktari huanza kufundishwa darasani, lakini hukomaa wodini. Wanafunzi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Egerton, chenye makao makuu Njoro, hujifunza kazi katika hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH, kifupi cha jina lake la zamani la Kiingereza. Hufika wakiwa wamesoma Tamko la Geneva la 1948, yaani kiapo cha madaktari, siri ya mgonjwa na ridhaa yake. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 pia inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa.

Sharti hilo la lugha ndilo linalopima ustadi wa mwalimu. Mama wa Molo anaweza kujieleza vizuri kwa Kikikuyu, mzee wa Kuresoi kwa Kikalenjin, na mwanafunzi asijue hata kimoja. Njia ya mkato ni kumwita mgonjwa wa kitanda cha pili atafsiri. Hapo siri imeshatoka. Mwalimu mwenye kujali humtafuta muuguzi anayeijua lugha hiyo, hata raundi ikichelewa.

Kisha huvuta pazia kabla ya kugusa shuka, husalimu, na kuomba: “Mama, hawa ni wanafunzi. Unakubali wakupime? Ukikataa, matibabu yako yataendelea vilevile.” Mama akikataa, daktari humshukuru na kusonga mbele bila kununa. Hakuna somo la ridhaa linalozidi hilo, kwa kuwa wanafunzi wameona neno “hapana” likiheshimiwa na mtu mwenye uwezo wa kulipuuza. Daktari akimkemea mgonjwa mbele yao, wanajifunza hilo pia, na kwa haraka zaidi.

Katika eneo hili usawa wa wagonjwa si nadharia. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, majeruhi wa jamii zilizokuwa zikipigana waliletwa hospitali hiyohiyo. Kifungu cha Tamko la Geneva kinachokataza ubaguzi wa kikabila kinastahili kufundishwa hapa kwa kuitaja Januari hiyo.

Baada ya miaka sita ya masomo, mhitimu hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Mwaka huo, yeye ndiye aliye karibu zaidi na wanafunzi, usiku na mchana, nao huiga namna anavyozungumza na wagonjwa.