Kusini Haikuwa Kimya

Kuna video fupi ambayo mashabiki wa hip-hop wa rika langu tumeitazama mara nyingi kuliko video za harusi za jamaa zetu. Ni usiku wa tarehe 3 Agosti 1995, Madison Square Garden, New York, kwenye tuzo za jarida la The Source. Kundi jipya bora la mwaka linatajwa: OutKast, vijana wawili kutoka Atlanta, Georgia. Ukumbi unazomea. Big Boi anatangulia kusema, anawasalimu wenyeji kwa adabu, kama mgeni anayejua yuko boma la nani. Kisha André anakaribia maikrofoni. Ana miaka 20. Anasema amechoka na watu waliofunga akili, watu ambao ukiwaletea kanda yako hawataki hata kuisikiliza. Halafu anawaambia kwamba Kusini nayo ina la kusema, na kwamba yeye hana zaidi ya hilo.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Niliiona video hii kwa mara ya kwanza nikiwa sekondari, kwenye simu ya mtu, na kwa miaka mingi niliiamini hadithi inayotembea nayo: kwamba Kusini ilikuwa imenyamaza, kijana mmoja akatamka sentensi moja, na mlango ukafunguka. Ni hadithi tamu sana. Siku hizi inanikera, kwa sababu inamwacha aliyezomea akaenda zake bila kuulizwa chochote. Kusini ilikuwa imesema kitambo. Swali ni kwa nini watu waliokuwa wakilipwa kusikiliza hawakusikia.

Tuanze na ule usiku wenyewe. New York ilikuwa nyumbani. Hip-hop ilizaliwa Bronx miaka ya 1970, na wenyeji hawakuwa na haja ya kukumbushwa. Los Angeles ilikuwa imeingia kwa kishindo: The Chronic ya Dr. Dre ilitoka 1992, Doggystyle ya Snoop Dogg 1993. Jioni hiyo hiyo Suge Knight wa Death Row alipanda jukwaani kumkejeli Puff Daddy mbele ya watu wake, na Snoop akauliza ukumbi mzima kama kweli hawampendi yeye na Dre. Hayo ndiyo yaliyobebwa na magazeti. Tupac alipouawa 1996 na Biggie 1997, historia ya muongo mzima ikaandikwa kama ugomvi wa pwani mbili. Wahenga wanasema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ziliendelea kuota tu, hakuna aliyekuwa akiziangalia.

Na zilikuwa zimeota sana. Houston ilikuwa na Rap-A-Lot, lebo ya James Prince, tangu katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1991 kundi lake la Geto Boys lilitoa "Mind Playing Tricks on Me", wimbo wa mwanamume asiyelala, anayeona maadui kila kona, ambaye akili yake yenyewe imeanza kumsaliti. Hadi leo rapa wakizungumza kuhusu wasiwasi na msongo wa mawazo, njia hiyo ilifyekwa na watu wa Texas. Port Arthur, mji wa viwanda vya mafuta, ilikuwa imewatoa UGK, ambao albamu yao Too Hard to Swallow ilitoka 1992. Kutoka Memphis, 8Ball na MJG walikuwa na Comin' Out Hard, 1993. Three 6 Mafia wa mji huo huo walitoa Mystic Stylez mwaka ule ule wa 1995, baada ya kuuza kanda za mkono kwa mkono kwa muda mrefu.

Halafu Miami. 2 Live Crew walikuwa watu wa matusi, na sitajifanya kwamba maneno yao kuhusu wanawake ni kitu cha kutetea. Lakini Juni 1990 jaji mmoja wa Florida alitangaza albamu yao kuwa chafu kisheria, uamuzi ambao mahakama ya rufaa iliutengua 1992. Mwaka 1994 walikuwa tena mahakamani, safari hii Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kuufanyia mzaha wimbo wa Roy Orbison. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba mzaha kama huo, hata ukiuzwa, unaweza kuwa matumizi halali ya kazi ya mtu. Yaani kundi lililoonwa kuwa la wahuni ndilo lililosimama mbele ya sheria kwa niaba ya kila msanii anayecheza na kazi ya mwenzake, wale wa New York wakiwemo.

Sasa, kwa nini hawakusikika? Sababu ya kwanza ni ya aibu, na sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana: lafudhi. Mtu akivuta maneno, akisema taratibu, anaonekana mshamba. New York ilisikia Georgia kwenye mdomo wa kijana na ikadhani imesikia ujinga. Kichekesho ni kwamba kati ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi kama milioni sita walihama Kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi, Harlem na Brooklyn zikiwa kati ya vituo vikubwa. Wengi wa wale waliozomea walikuwa na nyanya huko Carolina au Georgia aliyesema hivyo hivyo. Walikuwa wakizomea ushago kwao.

Sababu ya pili ndiyo iliyonichukua muda kuielewa, na niliielewa nikiwa ndani ya matatu.

Nilikuwa naijua Ridin' Dirty ya UGK, albamu ya 1996, kwa kuisikiliza kwenye spika ya simu na visikizi vya mia mbili. Niliiona ya kawaida. Maneno mepesi, mwendo wa kulala, basi. Jioni moja nikapanda nganya ya Rongai, nikakaa nyuma kabisa, woofa iko chini ya kiti. Dereva alikuwa ameweka miksi ya nyimbo za zamani na ndani yake ikaja "Diamonds & Wood". Manze. Besi haikupita masikioni. Ilipanda kwenye uti wa mgongo. Ile ogani na lile gitaa la Pimp C, vitu vinavyonuka kanisa na blues, vilipata nafasi ya kupumua kwa sababu wimbo hauna haraka. Tulikuwa kwenye foleni ya Lang'ata Road, gari linasogea hatua tatu na kusimama, na mwendo wa wimbo ulikuwa ndio huo huo wa gari. Nilishuka nikijua kwamba miaka yote nilikuwa naupima muziki huu kwa chombo kibovu.

New York ni mji wa treni na miguu. Muziki wake mwingi wa miaka ile uliingia vizuri kwenye visikizi: ngoma kali, sauti mbele, maneno yamebanana hadi urudie mara tatu kuyafungua. Houston, Atlanta na Memphis ni miji ya magari na barabara ndefu. Huko muziki ulijaribiwa kwenye buti la gari. Mtu akitengeneza wimbo wa kutikisa bodi ya gari, anaacha nafasi katikati, anapunguza mwendo, anarudia kiitikio hadi kikae. Msikilizaji wa visikizi anaona pengo na kusema hapa hakuna kitu. DJ Screw wa Houston alilifikisha jambo hili mwisho wake: alipunguza kasi ya nyimbo za watu hadi sauti zikawa nzito kama asali, akazikata na kuzirudia, akaziuza kwa kanda nyumbani kwake huku magari yakipanga foleni nje. Wengi wakimtaja wanakimbilia habari za dawa ya kikohozi, na ni kweli zipo na zimeua. Lakini kuna kitu cha kusikiliza pale, kazi ya mtu aliyegundua kwamba ukipunguza mwendo wa wimbo wa majigambo, huzuni iliyokuwa chini yake inatokea.

Ndiyo maana nasema ushindi wa OutKast una utata. Wenyewe walistahili kila kitu. Walikuwa wamepikwa kwenye Dungeon, chumba cha chini kwenye nyumba ya mamake Rico Wade, sakafu ya udongo, maprodyusa wa Organized Noize wakipiga besi na gitaa halisi wakati wengine walitegemea vipande vya rekodi za watu. Na New York haikuwa ukuta mtupu: video ya "Player's Ball", wimbo wao wa kwanza, iliongozwa na Sean Combs, Puff Daddy huyo huyo. Miaka mitatu baada ya kuzomewa walitoa Aquemini, na The Source, jarida lenye tuzo zile, likaipa maikrofoni tano, alama yake ya juu kabisa.

Soma sifa walizomwagiwa, hata hivyo. Zinarudi kwenye kitu kimoja: ustadi wa maneno. André alikuwa na mistari ambayo msikilizaji wa visikizi angeiheshimu, basi akaruhusiwa kuingia. Kipimo kilibaki kile kile. OutKast wakawa Kusini yenye akili, na wengine wote wakaachwa nje kama Kusini ya kelele. Goodie Mob, ndugu zao wa Dungeon walioitangaza "Dirty South" kwa wimbo kwenye Soul Food mwaka 1995, walilipa jina eneo zima. Jina likapendwa kuliko watu wake.

Hao wa nje hawakungoja. Master P wa New Orleans alikuwa amezoea kuuza mwenyewe, kwa hivyo alipokaa mezani na Priority aliondoka bado akimiliki rekodi zake. Cash Money wa mji huo huo walisaini na Universal 1998, na mwaka huo Juvenile akatoa 400 Degreez, iliyouza mamilioni. Watu wanapenda kusema dharau iliwafundisha biashara. Mimi sipendi kuishukuru dharau. Kwa kila Master P kulikuwa na rapa wengi wazuri ambao majina yao hayakuvuka mpaka wa kaunti yao. Lakini ni kweli kwamba mtu aliyefungiwa mlango mapema huwa hana la kupoteza akiulizwa bei.

Halafu kipimo kikageuka chenyewe, polepole. Jay-Z aliwaita UGK kwenye "Big Pimpin'". OutKast walichukua Grammy ya albamu bora ya mwaka 2004. Three 6 Mafia, wale wa kanda za mkono kwa mkono, walipata Oscar 2006. Leo ukiwasha redio popote, ngoma nyingi zinazokimbia na besi inayovuma chini zina damu ya Memphis na Atlanta. Na kanda za DJ Screw? Mkusanyiko wake umehifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nacheka kidogo nikifikiria mwanafunzi akijaza fomu ili aruhusiwe kugusa kitu kilichokuwa kikiuzwa langoni kwa mtu.

Nina deni moja katika haya yote. Miaka michache iliyopita niliandika orodha ya albamu kumi bora za hip-hop za miaka ya 1990, kazi ya malipo. Nane zilikuwa za New York na California. Aquemini niliiweka ya tatu, na nikaongeza sentensi kwamba sehemu iliyobaki ya Kusini ilikuwa muziki wa kuchezea tu, usio na mengi ya kusema. Niliiandika nikiwa na visikizi vya mia mbili masikioni. Nililipwa shilingi elfu mbili kwa kuwazomea watu walewale, miaka ishirini na kitu baadaye, nikidhani ninawasifu kwa sababu nimemchagua mmoja wao.

Baada ya ile safari ya Rongai nilimwandikia mhariri nikiomba tuibadilishe. Akanijibu kwa upole kwamba ukurasa ulishapitwa, hakuna anayeusoma. Basi naibadilisha hapa. Ridin' Dirty inaingia. Mystic Stylez inaingia. Na ile sentensi naifuta.