Kava Linalovulika: Namna Roboti za Kuliwaza Watoto Wagonjwa Zinavyofanywa Zifulike

Kava linalovulika ni ngozi ya kitambaa inayovishwa roboti ya kuliwaza watoto wagonjwa, iliyoshonwa ili iweze kuvuliwa, kufuliwa na kuvishwa tena bila kugusa mota, betri wala vihisi vilivyomo mwilini. Kazi yake ni kama ya foronya: hutenga kinachochafuka na kisichoweza kuingia majini. Tofauti ni kwamba mto hauna umeme, haujongei wala haujui kama umeguswa. Roboti ina yote matatu, na kila moja huleta sharti lake juu ya kitambaa, mshono na kifungo.

Roboti za namna hii si ngeni. Mwaka 1993 Takanori Shibata, mhandisi Mjapani wa taasisi ya utafiti ya AIST, alianza kazi iliyozaa Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili na uzito wa takriban kilo 2.7. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliikubali kuwa kifaa tiba. Katika MIT Media Lab, kundi la Cynthia Breazeal lilitengeneza dubu aitwaye Huggable, ambaye alijaribiwa katika Boston Children's Hospital. Mwaka 2018 kampuni ya Sproutel ya Rhode Island ilionyesha bata aitwaye My Special Aflac Duck, aliyebuniwa kwa ufadhili wa kampuni ya bima ya Aflac na kugawiwa bure kwa watoto wenye saratani. Bata huyu ndiye mfano mzuri wa kava linalovulika, kwa kuwa ngozi yake ilikusudiwa tangu mwanzo kutolewa na kufuliwa.

Ulaini wa roboti hizi ni sehemu ya tiba yenyewe. Utafiti wa Huggable uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha watoto 54 wa umri wa miaka 3 hadi 10 waliolazwa hospitalini. Baadhi walipewa dubu wa kawaida wa manyoya, wengine dubu wa kwenye skrini, na wengine dubu roboti. Waliokaa na roboti walionyesha furaha na uchangamfu zaidi kuliko wenzao. Mtoto humkumbatia dubu wa namna hiyo, humlaza kifuani, humpakata na kumbusu. Kitu kinachokumbatiwa kwa namna hiyo hupokea mate, jasho, kamasi, maziwa na matapishi, na hupokea pia kila kilichomo kwenye mikono iliyokigusa.

Uchafuzi huo umepimwa. Utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2000 ulichunguza midoli iliyowekwa kwenye vitanda vya watoto wachanga mahututi, ukakuta kwamba kadiri muda ulivyopita yote iliota bakteria. Utafiti wa New Zealand wa mwaka 2002, uliofanywa katika vyumba vya kusubiria vya madaktari wa familia, ulionyesha kwamba midoli laini ilibeba uchafu mwingi kuliko vichezeo vigumu, na kwamba hata baada ya kusafishwa ilichafuka tena upesi. Kwa mtoto mwenye afya, bakteria hao aghalabu hawana neno. Kwa mtoto anayetibiwa saratani kwa kemikali, ambaye seli zake nyeupe za damu zimeshuka, bakteria wa kawaida wa ngozini wanaweza kuleta homa ya kuhatarisha maisha.

Wabunifu wamelijibu tatizo hilo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuacha manyoya kabisa. Roboti NAO, iliyotumiwa nchini Kanada kuwatuliza watoto wakati wa chanjo, ina ganda la plastiki linalopanguswa kwa kitambaa chenye dawa. Husafishika upesi, lakini si ya kukumbatia. Ya pili ni manyoya yasiyovulika yaliyotiwa kinga ya bakteria, ambayo ndiyo njia ya Paro. Utafiti uliofanywa Uingereza katika wodi ya wagonjwa wa kusahau na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa usafi wa Paro unaweza kudumishwa, mradi utaratibu wa kusafisha ufuatwe bila kurukwa. Udhaifu wa njia hii umo katika manyoya yenyewe. Kitambaa cha dawa hupita kwenye ncha za nyuzi, huku uchafu ukiwa umejikita kwenye mashina, na dawa nyingi zinahitaji kukaa mbichi juu ya kitu kwa dakika kadhaa ndipo zifanye kazi. Njia ya tatu ni kava linalovulika, ambapo manyoya yanabaki lakini husafishwa kwa maji mengi, sabuni na joto badala ya kupanguswa.

Uamuzi wa kwanza katika njia hii ya tatu ni wapi pa kukata mpaka: kipi kiende kwa dobi na kipi kibaki. Kanuni inayofaa ni kwamba chochote chenye waya hubaki mwilini. Kihisi kilichoshonewa ndani ya kitambaa kingehitaji kiunganishi cha kuchomolewa kila siku ya kufua, na kiunganishi ni mahali ambapo maji, kutu na kukatika huanzia. Kwa hiyo vihisi vya mguso hupachikwa kwenye ganda la ndani na kuhisi mkono kupitia kitambaa. Hilo linawezekana kwa sababu uga wa umeme wa kihisi hupenya nguo kavu. Hata hivyo, kadiri kitambaa kinavyokuwa kinene ndivyo ishara inavyofifia, na unyevu huivuruga, kiasi kwamba kava lililorudishwa bila kukauka linaweza kumfanya mdoli aitikie mguso usiokuwapo. Mawimbi ya redio nayo hupita kitambaani bila shida. Bata wa Sproutel huja na visahani vyenye picha za nyuso, na mtoto akigusisha kimoja kifuani mwa bata, bata huigiza hisia iliyochorwa juu yake. Kisahani husomwa kwa redio, hivyo kava halihitaji tundu mahali hapo.

Matundu yanayobaki hayana budi kuwa machache. Mdomo mgumu, macho yanayong'aa, spika na mahali pa kuchajia ni sehemu ambazo kitambaa hukoma, na kila ukingo wa namna hiyo ni mfereji wa uchafu. Spika inaweza kuachwa nyuma ya kitambaa chepesi. Macho yakidariziwa juu ya kava, hupungua tundu na hupungua pia kitufe cha kunyofoka. Sheria za usalama wa vichezeo Marekani na Ulaya hupima vipande vidogo kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachotumbukia humo chote hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa kuwa kinaweza kumkaba koo. Mwili wa ndani nao hupaswa kuwa laini, usio na mianya na unaostahimili dawa za kupangusia, kwa sababu utapanguswa kila kava linapovuliwa.

Baada ya mpaka huja kitambaa. Manyoya bandia ya akriliki huvutia kwa ulaini, lakini joto huyaharibu: nyuzi hujikunja, hushikamana na kuwa vishungi visivyochanika. Poliesta huvumilia zaidi, ingawa nayo huanza kulegea ndani kwenye nyuzi joto 70 hadi 80 za Selsiasi, na mikunjo inayopatikana humo hubaki baada ya kupoa. Manyoya mafupi hushinda marefu kwa mambo matatu: hushika uchafu kidogo, hukauka mapema na hayaingii mdomoni kwa wingi. Kitako cha kitambaa kinapokuwa cha kufumwa kama cha fulana, kava hutanuka kidogo na kupita kwenye kichwa kipana bila kuongezewa mshono. Baadhi ya miundo huweka chini yake tabaka la poliyurethani, kama lile la magodoro ya hospitali, ili matapishi yasipenye hadi kwenye ganda. Tabaka hilo huzuia maji, lakini huzuia pia hewa, na mota iliyofunikwa hivyo hupata joto. Mara nyingi hutosha kuliweka tumboni na mgongoni peke yake, mbali na viungo vinavyofanya kazi sana.

Kunywea kwa kitambaa ni hesabu inayosahauliwa kirahisi. Mdoli mwenye kiuno cha sentimita 60 akivishwa kava linalonywea kwa asilimia 3, kiuno cha kava hupungua kwa sentimita 1.8. Upungufu huo unatosha zipu isifike mwisho, au kitambaa kivutike juu ya kihisi na kukibonyeza muda wote. Kwa sababu hiyo kitambaa hufuliwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa joto lile lile litakalotumika wodini. Kwenye viungo hufanywa kinyume: kwapani na shingoni huachwa ziada ya kitambaa ili mkono wa roboti unapoinuka usivute kava zima. Ziada ikizidi, nayo huingia kati ya sehemu zinazojongea na kubanwa. Kingo za ndani hupigwa ovaloki, kwa kuwa nyuzi zinazotoka kwenye mshono mbichi huishia kwenye gia.

Kifungo ndicho kinachoamua kama kava litavuliwa kweli au litavumiliwa likiwa chafu. Velkro hufunguka kwa haraka na hata aliyevaa glavu huimudu. Upande wake wa vindoano, hata hivyo, hukusanya nywele na pamba hadi ushindwe kushika, na ukiachwa wazi ndani ya mashine hung'ang'ania manyoya na kuyanyofoa. Zipu ya nailoni hustahimili kufuliwa na haikwaruzi kama ya chuma. Ili mtoto asiifungue, kitelezi chake huachwa bila ulimi na kufichwa chini ya ukingo wa kitambaa. Mtu mzima hukifungua kwa klipu ya karatasi. Mahali pazuri pa zipu ni mgongoni au chini ya makalio, ambapo shavu la mtoto haliegemei. Kifuniko cha betri ni suala jingine: hufungwa kwa skrubu juu ya ganda lenyewe, ili kuvuliwa kwa kava kusiwe njia ya mtoto kuifikia betri.

Utaratibu wa kufua hufuata hatua zile zile kila mara. Roboti huzimwa, kava hufunguliwa na kuvuliwa likipinduliwa ndani nje, ili upande uliochafuka ubaki ndani ya mkunjo na usiguse nguo ya muuguzi. Zipu au velkro hufungwa, na kava hutiwa kwenye mfuko wa wavu unaolinda manyoya yasikwaruzwe na pipa la mashine. Ganda hupanguswa kwa dawa na kuachwa likauke. Hatua ya kufua yenyewe huongozwa na kanuni za nguo za hospitali. Mwongozo wa Uingereza hutaka nyuzi joto 65 kwa dakika 10 au 71 kwa dakika 3, ukiongeza muda wa joto kuenea katika nguo zote. Marekani imezoea 71 kwa dakika 25, au maji ya joto la chini pale ambapo kemikali inayotumika na kipimo chake vinafaa kwa joto hilo. Hapo ndipo uchaguzi wa kitambaa hujulikana kama ulikuwa sahihi. Kava lenye lebo ya nyuzi 30 linatosha nyumbani, lakini kwa dobi wa hospitali litaharibika au litarudi halijasafishwa ipasavyo.

Kukausha hakupaswi kufupishwa. Mwaka 1998 watafiti wa Melbourne waliripoti mlipuko wa bakteria sugu aina ya Pseudomonas katika wodi ya watoto wenye saratani, uliohusishwa na vichezeo vya kuogea vilivyohifadhi maji ndani. Bakteria huyo hustawi penye unyevu uliofichika, na mshono mnene au sponji iliyoshonewa ndani ya kava hutoa unyevu huo. Kwa hiyo sponji ya kulainisha huwekwa kwenye ganda au hufanywa kipande cha kutolewa peke yake, na kava huanikwa likiwa limepinduliwa hadi kitako kikauke kabisa. Kwa kuwa kukauka huchukua saa nyingi, kila roboti huhitaji makava mawili au zaidi, kila moja likiwa na alama inayoonyesha ni la roboti ipi na limefuliwa mara ngapi. Manyoya yakianza kushikamana au mshono kufumuka, kava hutupwa na roboti hubaki. Huo nao ni unafuu wa bei, kwani kitambaa ni sehemu rahisi kuliko zote.

Upo pia upande wa mtoto. Mdoli aliyevuliwa ngozi huonekana kama mnyama aliyechunwa, na plastiki yenye skrubu humtisha mtoto wa miaka 4. Kava kwa kawaida hubadilishwa nje ya macho yake, au mtoto akiwa mkubwa kidogo hushirikishwa kama anayemvisha rafiki nguo safi. Ndiyo maana ganda la ndani hufaa kuwa na umbo na rangi inayopendeza hata likiwa tupu.

Kava halifuti haja ya kanuni nyingine. Kati ya kufuliwa na kufuliwa roboti huendelea kuchafuka, na mdomo, macho na vifaa vinavyoambatana nayo hubaki vya kupanguswa. Roboti ya wodi inayopita kwa watoto wengi hubadilishwa kava kwa kila mtoto. Ile iliyotolewa iwe ya mtoto mmoja, kama bata wa Sproutel, hufuliwa kwa ratiba na kila inapotapikiwa, na haiazimwi. Kwa mtoto aliyetengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza, roboti hubaki chumbani mwake hadi atakaporuhusiwa. Ndipo kava huenda kufuliwa na mwili hupanguswa kwa dawa inayoua kimelea husika, kwa kuwa dawa za alkoholi haziui mbegu za bakteria kama Clostridioides difficile.