Uhakiki wa Istilahi: "Kumbukumbu" ya Kompyuta

Istilahi hupimwa kwa kazi inayomfanyia mtumiaji, wala si kwa uzuri wake katika orodha. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuihakiki istilahi "kumbukumbu", kwa kuitazama mahali ambapo kosa la maana hugeuka mara moja kuwa hasara ya fedha.

Tuchukue mfano wa familia ya Mtambile, kisiwani Pemba, yenye kompyuta kongwe ya mezani. Vijana wanataka kuchezea gemu, lakini mchezo unakwamakwama, na baba hana uwezo wa kununua mashine mpya. Anashauriwa aongeze kumbukumbu. Anakwenda Chake Chake, anaitaja haja yake kwa neno hilo hilo, na anarudi na diski kubwa. Mafaili yanapata nafasi, mchezo unakwama vile vile. Mnunuzi hakukosea, wala muuzaji hakudanganya. Lililowapoteza wote wawili ni neno.

Neno hili limebebeshwa dhana mbili. Ya kwanza ni mahali ambapo kompyuta huweka kwa muda kile inachokifanyia kazi, yaani kile mafundi wanachokiita RAM. Umeme ukikatika, kilichomo hupotea. Ya pili ni mahali pa kuweka vitu vidumu hata mashine ikizimwa, kama vile diski. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti, na hilo huzidisha utata. Kiingereza nacho hulitumia neno moja ovyo kwa dhana zote mbili, nasi watafsiri tumelipokea pamoja na maradhi yake.

Aidha, tukirejea matumizi ya kawaida, tunasema "kumbukumbu za mkutano" tukikusudia kitu kilichoandikwa kibaki. Kwa hiyo neno lenye maana ya kudumu limepewa kifaa ambacho tabia yake ni kusahau.

Mkulima wa karafuu hahitaji maelezo marefu juu ya tofauti hii. Jamvi ni la kuanikia, ghala ni la kuwekea. Mwenye jamvi dogo hasaidiwi na ghala kubwa.

Wako watakaosema kwamba muktadha unatosha kuondoa utata. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtaalamu, ambaye anaijua dhana kabla ya kulisikia neno. Mwananchi hulisikia neno kwanza, na kwa neno hilo huifikia dhana. Wengine watapendekeza neno lifutwe. Walakini, tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, istilahi za kompyuta zimetoka katika orodha na kuingia katika vioo vya mashine; si rahisi kuling'oa neno lililokwisha kuzoeleka.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Dhana ya kwanza iitwe "kumbukumbu ya muda", wala neno "kumbukumbu" lisiachwe peke yake.

(b) Dhana ya pili iitwe "hifadhi".

(c) Kitenzi "kuboresha" kisitumiwe bila kutaja kifaa. Hifadhi mpya ya kasi huharakisha mchezo kufunguka. Picha za mchezo zenyewe hutegemea zaidi kadi ya michoro na kichakataji. Tena kumbukumbu ya muda ya aina ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR3, na mfumo endeshi wa biti 32 kwa kawaida haunufaiki na zaidi ya gigabaiti 4. Anayeambiwa "boresha" tu hajaambiwa kitu.

Hapana budi walimu wa skuli, watafsiri wa vitabu vya maelezo na maofisa wanaoandika maombi ya vifaa wawe wa kwanza kuitunza tofauti hii. Ofisi ikikosea neno, hasara hugawanywa kwa wengi isionekane. Familia ya Mtambile hulipa peke yake.